Mnyama Kipenzi Anapougua Sana: Matibabu, Gharama na Uamuzi wa Mwisho

Mbwa au paka aliyekaa na familia kwa miaka mingi anapopatwa na ugonjwa mkubwa, huleta nyumbani mizigo mitatu kwa pamoja: maumivu ya kiumbe asiyeweza kujieleza, gharama ambayo hakuna aliyeipangia, na majonzi ya watu waliomzoea. Yote hudai uamuzi wa haraka, na mara nyingi uamuzi huo hufanywa mbele ya meza ya daktari huku mnyama akihema kwa shida. Wapo wanaoamua kwa woga wa kumpoteza, wakakopa wasichoweza kulipa. Wapo wanaoona haya kusema kwamba fedha hazitoshi, wakaondoka na mgonjwa wao kimyakimya bila kujua kwamba ilikuwapo njia ya nafuu. Makosa yote mawili huzuilika kama mfugaji anajua aulize nini, na aulize lini.

Katika miji ya Afrika Mashariki mbwa wengi bado hufugwa kama walinzi na paka kwa ajili ya panya, lakini idadi ya wanaoishi ndani kama sehemu ya familia inaongezeka. Huruma kwa wanyama yenyewe si jambo geni. Waislamu wa mwambao wanajua kwamba sahaba Abu Huraira alipata lakabu yake kwa sababu ya paka, na wanaikumbuka hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Kitabu cha Mithali nacho huhesabu kumjali mnyama kuwa sifa ya mwenye haki. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka anayemiliki mnyama asimwache ateseke. Wajibu, basi, unafahamika. Kinachowapa watu shida ni namna ya kuutimiza pale ugonjwa unapokuwa mzito na mfuko mwepesi.

Ugonjwa unaojificha

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na hakuna anayeficha maradhi kama mnyama. Porini, anayeonyesha udhaifu huwa wa kwanza kushambuliwa, na tabia hiyo haikwisha kwa kufugwa. Paka ndiye mficha mkubwa zaidi. Anaweza kuwa na maumivu ya siku nyingi na dalili pekee ikawa kwamba amehamia chini ya kitanda, au ameacha kujilamba manyoya, au haruki tena dirishani alipozoea kukaa.

Kwa sababu hiyo mfugaji hujifunza kusoma mabadiliko madogo. Ufizi wa mnyama mzima huwa na rangi ya waridi. Ukiwa mweupe, damu imepungua au mzunguko wake una hitilafu, na ukiwa wa manjano, ini au chembe nyekundu za damu zimeguswa. Paka au mbwa aliyelala kwa utulivu kwa kawaida hupumua chini ya mara 30 kwa dakika, hivyo pumzi zinazozidi hapo kila anapolala ni sababu ya kumpeleka kwa daktari. Joto la mbwa mzima huwa kati ya nyuzi 38 na 39 na pointi kidogo, yaani juu kuliko la binadamu, na kumgusa pua hakuambii lolote la maana. Kunywa maji mengi kupita kawaida, kukonda huku anakula, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na kutapika kusikokoma ni ishara za kutosubiri.

Hali nyingine hazina nafasi hata ya kungoja asubuhi. Paka dume anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo huenda njia yake imeziba, na asipozibuliwa anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Paka mnene aliyeacha kula kabisa kwa siku mbili au tatu anaweza kuharibika ini kwa mafuta ya mwili wake mwenyewe. Mbwa jike ambaye hajafungwa uzazi, akiwa mnyonge na mwenye kiu kubwa wiki chache baada ya kumaliza joto, huenda ana usaha ndani ya mfuko wa uzazi, na usaha huo hauhitaji uonekane nje ili umuue.

Jina la ugonjwa ndilo linaloamua

Familia nyingi huuliza bei kabla ya kuuliza ugonjwa. Mpangilio huo hupotosha, kwa kuwa kuna magonjwa yenye majina ya kutisha yanayopona kwa dawa ya kawaida, na kuna mengine ambayo fedha zote za mji haziwezi kuyaponya.

Parvo ni mfano wa ugonjwa mkali lakini mfupi. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1978 na katika muda wa miaka miwili hivi kilikuwa kimeenea duniani. Hushambulia utumbo wa mbwa mchanga na kuua chembe za kinga, akaharisha damu na kutapika hadi maji yamwishe mwilini. Asipotibiwa, mara nyingi hufa. Akilazwa na kuwekewa dripu, akapewa dawa za kuzuia kutapika na antibiotiki dhidi ya bakteria wanaopenya utumbo uliojeruhiwa, wengi hupona. Hakuna dawa ya kawaida inayokiua kirusi chenyewe. Kazi ya daktari ni kumweka hai mpaka mwili wake ujikomboe, na kwa kawaida vita hiyo huamuliwa ndani ya siku chache. Hapa gharama ni kubwa kwa wiki moja, kisha hukoma, na mbwa aliyepona huweza kuishi maisha kamili.

Homa ya kupe inayosababishwa na babesia huonyesha upande mwingine. Kusini mwa Sahara kuna aina iitwayo Babesia rossi, iliyo kali kuliko zile za kwingineko. Kimelea hiki huingia kwenye chembe nyekundu za damu na kuzipasua, ufizi ukapauka na mkojo ukageuka rangi. Kipimo chake ni tone la damu kwenye kioo chini ya hadubini, jambo ambalo kliniki nyingi ndogo zinaweza kulifanya. Akiwahishwa, sindano ya dawa sahihi mara nyingi humwokoa. Akicheleweshwa, atahitaji kuongezewa damu ya mbwa mwingine mzima, na hata hivyo figo au ubongo vinaweza kuwa vimeumia. Ugonjwa ni uleule. Tofauti kati ya tiba ya bei ndogo na tiba ya bei kubwa ni siku mbili za kungoja.

Kuna saratani ya mbwa inayoambukizwa kwa kujamiiana, ambayo chembe zenyewe za uvimbe huhama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine. Ilianza kwa mbwa mmoja aliyeishi maelfu ya miaka iliyopita, na chembe zake zimeendelea kuishi katika miili ya mbwa wengine tangu wakati huo. Huonekana kama uvimbe unaovuja damu sehemu za siri, na ni ya kawaida mahali penye mbwa wengi wanaozurura. Wafugaji wengi wakisikia neno saratani hukata tamaa palepale. Ilhali hii ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri zaidi: dawa ya vinkristini, sindano moja kwa wiki kwa wiki nne hadi sita au zaidi kidogo, huwaponya walio wengi. Masharti ni kwamba ichomwe na mtaalamu ndani ya mshipa, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa huozesha nyama.

Figo za paka mzee hufuata mwendo wa polepole. Dalili za kukonda, kunywa sana na kukojoa sana huonekana wakati karibu theluthi mbili za uwezo wa figo zimekwisha kupotea, na uwezo huo haurudi. Kinachowezekana ni kuupunguzia ugonjwa kasi: chakula chenye fosforasi kidogo, maji mengi, dawa za kichefuchefu na shinikizo la damu, na kwa baadhi yao maji ya dripu yanayowekwa chini ya ngozi, kazi ambayo mwenye paka anaweza kufundishwa kuifanya nyumbani. Paka wa namna hii anaweza kuishi miezi au hata miaka akiwa na raha. Gharama ya mwezi mmoja huonekana ndogo, ila haina mwisho unaojulikana, na inapaswa kupangwa kama inavyopangwa kodi ya nyumba.

Kichaa cha mbwa kiko peke yake. Dalili zikishaanza hakuna tiba, kwa mnyama wala kwa binadamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Mnyama aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate, anayeshindwa kumeza au aliyepooza taya, asifunguliwe mdomo kwa kudhaniwa kwamba amekwamwa na mfupa. Afungiwe mahali salama na ofisi ya mifugo iarifiwe. Aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo akapate chanjo. Huu ndio ugonjwa ambao upendo haupaswi kumfanya mtu amuuguze mnyama nyumbani.

Kwa nini matibabu ni ghali

Watu wengi hushtuka kuona bili ya paka inazidi ile waliyolipa wenyewe walipolazwa. Sababu ya kwanza ni kwamba hospitali ya binadamu huchangiwa: serikali hulipa mishahara na majengo, na bima hugawa gharama kwa wanachama. Kliniki ya wanyama haina msaada huo. Eksirei, altrasaundi, mashine ya kupimia damu, dawa ya nusu kaputi, nyuzi za kushonea na mshahara wa msaidizi anayekesha, vyote hulipwa na wenye wanyama wanaoletwa. Vifaa na dawa nyingi huagizwa kutoka nje, hivyo bei yake hufuata thamani ya dola na ushuru wa bandarini.

Sababu ya pili ni uzito wa mwili. Dawa hupimwa kwa kilo, na mbwa wa kilo 40 anaweza kuhitaji mara kumi ya kinachomtosha paka wa kilo nne. Ya tatu ni ukimya wa mgonjwa. Binadamu huonyesha panapouma. Mnyama huhitaji vipimo, na kila kipimo kina bei. Mwenye parvo anahitaji pia chumba cha peke yake, kwa sababu kirusi hukaa sakafuni na kwenye udongo kwa miezi mingi na huhitaji dawa ya klorini kukiondoa.

Nchi nyingine zimejaribu kuupunguza mzigo huu kwa njia mbili. Moja ni hisani. Mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Maria Dickin alifungua zahanati Whitechapel, mtaa wa maskini mashariki mwa London, akiwatibu bure wanyama wa watu wasio na uwezo. Shirika lililozaliwa pale, PDSA, bado linafanya kazi hiyo Uingereza. Njia ya pili ni bima. Sweden ilianza kuwakatia mbwa bima miaka ya 1920, na leo ni jambo la kawaida huko. Waswahili wanaoishi Ulaya au Marekani na kufuga wanyama hawana budi kujua kwamba kampuni za bima kwa kawaida hazilipii ugonjwa ulioanza kabla ya mkataba. Bima hukatwa mnyama akiwa mzima.

Afrika Mashariki bima ya mbwa na paka bado ni nadra, lakini misaada haikosekani. Shirika la KSPCA jijini Nairobi lina historia ndefu ya kuokoa na kutibu wanyama. Lamu ina kliniki ya The Donkey Sanctuary inayowatibu punda bure tangu miaka ya 1980. Vyuo vikuu vinavyofundisha madaktari wa mifugo, kama Sokoine mjini Morogoro, Nairobi katika kampasi yake ya Kabete, na Makerere jijini Kampala, vina walimu bingwa na vifaa ambavyo kliniki ndogo hazina. Ni vizuri kuulizia huduma na bei zake kabla ya kukata tamaa.

Fedha zitajwe mapema

Daktari asiyejua uwezo wa mteja hupanga matibabu kwa kubahatisha. Akikadiria juu, mteja hukimbia. Akikadiria chini, mnyama hukosa ambacho familia ingeweza kulipia. Kwa hiyo bajeti inapaswa kutajwa mwanzoni, bila haya, kama inavyotajwa kwa fundi wa nyumba. Kusema kiasi kilichopo si kukiri upungufu wa upendo.

Maswali matano hutosha kuongoza mazungumzo hayo. Ugonjwa unaoshukiwa ni upi, na daktari ana hakika kiasi gani? Matibabu yakifaulu, mnyama atarudi kwenye maisha ya namna gani, na kwa muda gani? Gharama ya chini na ya juu hadi mwisho wa tiba ni ipi, si ya leo pekee? Ikiwa njia ya kwanza haiwezekani, ipo ya pili? Na ni dalili gani zikionekana itakuwa sahihi kusimamisha matibabu? Makadirio yaandikwe kwenye karatasi, na kila kipimo kiulizwe kama jibu lake litabadilisha tiba. Kipimo kisichobadilisha chochote kinaweza kuachwa.

Njia ya pili karibu daima ipo. Mbwa mwenye parvo ambaye familia yake haiwezi kumlaza usiku na mchana anaweza kuletwa kliniki kila siku akawekewa maji chini ya ngozi, akachomwa sindano na kurudi nyumbani. Uwezekano wa kupona hupungua kuliko kwa aliyelazwa, lakini unabaki mkubwa kuliko wa asiyetibiwa kabisa. Mwenye saratani isiyotibika anaweza kupewa dawa za kutuliza maumivu pekee, akaishi wiki au miezi yenye raha. Tiba ya kutuliza ni tiba halali, na anayeichagua hajamtupa mnyama wake.

Malipo nayo yana njia zake. Kliniki nyingine hukubali awamu kwa mteja wanayemfahamu, na hiyo ni faida ya kuwa na daktari mmoja tangu mnyama akiwa mdogo. Ndugu na majirani huweza kuchanga. Familia ifikirie mara mbili kabla ya kuchukua mkopo wa riba kubwa wa simu: deni linaloathiri ada ya shule au chakula cha watoto kwa ajili ya matibabu yenye tumaini dogo huishia kuwaumiza wengi bila kumwokoa mmoja. Kuweka kikomo kabla ya kuanza, watu wakiwa watulivu, ni rahisi kuliko kukitafuta usiku wa manane bili ikiwa imekwisha kupanda.

Bei ndogo isimpeleke mtu kwa asiyesomea. Tanzania madaktari wa wanyama husajiliwa na Baraza la Veterinari, na Kenya na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Mteja ana haki ya kuuliza kama anayemhudumia amesajiliwa. Hatari kubwa zaidi iko kwenye kabati la dawa nyumbani. Parasetamoli, inayomezwa na kila mtu kwa maumivu ya kichwa, humuua paka, hata kwa kidonge kimoja. Ibuprofeni na diklofenaki huharibu tumbo na figo za mbwa. Dawa ya kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, ikichanganywa kwa kukisia, huweza kumtia mbwa sumu, na dawa za kupe za mbwa zenye pemetrini huua paka. Pesa iliyookolewa kwa njia hizi hulipwa mara nyingi zaidi kwenye dripu.

Kumuuguza nyumbani

Mnyama aliyeruhusiwa kurudi nyumbani huhitaji mahali pakavu, penye kivuli na utulivu, mbali na watoto wadogo na wanyama wengine. Matandiko yabadilishwe kila yanapolowa, kwa kuwa ngozi inayokaa kwenye mkojo huchubuka haraka na inzi hutaga mayai hapo. Asiyeweza kusimama ageuzwe ubavu kila baada ya saa chache. Chakula kipashwe moto kidogo ili harufu yake imvute, na apewe kidogo kidogo mara nyingi. Kumlazimisha mnyama mwenye kichefuchefu kumeza kunaweza kupeleka chakula kwenye mapafu.

Daftari dogo husaidia kuliko kumbukumbu. Kila siku yaandikwe mambo machache: amekula kiasi gani, amekunywa, amekojoa, ametapika, amepewa dawa gani na saa ngapi, na siku kwa jumla ilikuwa njema au mbaya. Kwa daktari, kurasa hizo ni sawa na kipimo cha bure. Kwa familia, ndizo zitakazosema ukweli wakati moyo unataka kuona nafuu isiyokuwapo. Dozi za antibiotiki zimalizwe zote hata mnyama akichangamka. Homa ya kupe ya erlikia, kwa mfano, hutibiwa kwa doksisaiklini kwa takriban wiki nne, na wanaokatisha baada ya siku tano hurudi na mbwa yuleyule akiwa amezidiwa.

Moyo wa anayeuguza

Kumuuguza mnyama humchosha mtu kwelikweli. Mwaka 2017 mwanasaikolojia Mary Beth Spitznagel wa Chuo Kikuu cha Kent State nchini Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliolinganisha watu 238: nusu walikuwa na mbwa au paka wenye ugonjwa sugu au wa kufisha, nusu wanyama wao walikuwa wazima. Wale wenye wagonjwa walionyesha mzigo mkubwa zaidi, msongo, wasiwasi na dalili za sonona. Kipimo cha mzigo kilichotumiwa kilitokana na kile cha watu wanaouguza binadamu wenzao.

Uchovu huo huongezeka pale jamii inapoucheka. Mwaka 1989 Kenneth Doka, mtaalamu wa mambo ya msiba, alieleza aina ya majonzi ambayo jamii haiyatambui: hakuna matanga, hakuna ruhusa ya kazini, hakuna anayeleta pole. Majonzi ya mnyama ni ya aina hiyo. Anayeambiwa kwamba huyo ni mbwa tu hujifunza kunyamaza, na majonzi yaliyonyamazishwa hukaa muda mrefu. Dawa yake ya kwanza ni mtu mmoja anayesikiliza bila kudharau. Ya pili ni kugawana zamu, ili asiwe mtu yuleyule anayeamka kila usiku. Asiyelala, asiyekula au aliyekata tamaa ya maisha amwone mtaalamu wa afya kama angefanya kwa msiba mwingine wowote.

Watoto waambiwe ukweli kwa maneno ya umri wao. Mtoto anayeambiwa mbwa ametoroka atamtafuta barabarani. Anayeambiwa amelala anaweza kuogopa kulala. Inatosha kusema kwamba mwili wake umeugua sana, daktari amejaribu, na hautapona. Wapewe nafasi ya kuaga.

Uamuzi wa mwisho

Swali gumu kuliko yote ni lini kuacha. Mwaka 2004 daktari wa saratani za wanyama Alice Villalobos wa Marekani alipendekeza kipimo chenye vipengele saba: maumivu na upumuaji, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema bado zinazidi mbaya. Kila kipengele hupewa alama sifuri hadi kumi, na jumla inayozidi 35 huashiria kwamba maisha bado yana thamani kwa mnyama. Thamani ya kipimo hiki iko katika kuilazimisha familia kutazama hali ya mnyama badala ya kutazama hofu yake yenyewe. Kikijazwa mara kwa mara na watu wawili tofauti, mwelekeo huonekana.

Alama zikishuka na tumaini la tiba likiwa limekwisha, daktari anaweza kumpumzisha mnyama. Dawa ya usingizi kwa kiwango kikubwa huchomwa kwenye mshipa. Mnyama hupoteza fahamu ndani ya sekunde, na moyo husimama katika dakika chache. Macho huweza kubaki wazi, misuli ikatetemeka au mkojo ukatoka baada ya fahamu kuondoka, na familia iambiwe hayo mapema ili isidhani anateseka. Wapo ambao dini au dhamiri yao haiwaruhusu kuchagua njia hii. Kwao wajibu ni kuhakikisha dawa za maumivu hazikatiki mpaka mwisho. Kinachopaswa kukataliwa na wote ni sumu, kipigo, au kumtupa mgonjwa kando ya barabara akafe peke yake.

Mwili uzikwe kwa kina cha kutosha, mita moja au zaidi, mbali na kisima. Dawa iliyotumika kumpumzisha hubaki kwenye nyama na inaweza kumuua mbwa au ndege atakayeifukua. Mahali alipokufa mwenye parvo pasiletwe mbwa mchanga asiyechanjwa kwa miezi mingi. Kujilaumu hufuata karibu kila mara, na daftari la siku zile huwa ushahidi wa kutosha kwamba lililowezekana lilifanyika.

Kinga inayogharimu kidogo

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kati ya magonjwa yaliyotajwa hapa, mengi huzuilika kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na tiba yake. Chanjo ya parvo huanza mbwa akiwa na wiki sita hadi nane na kurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Anayeishia kwenye sindano ya kwanza hana kinga ya kutegemewa. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, na mara nyingi huwa ya bure au nafuu kwenye kampeni za serikali, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Dawa ya kupe inayotumiwa bila kuruka huzuia babesia na erlikia. Kufunga uzazi huondoa usaha wa mfuko wa uzazi na hupunguza kuzurura kunakoeneza saratani ya kujamiiana.

Kabla ya kuleta mnyama nyumbani, mfugaji apige hesabu ya chanjo, dawa za kupe na akiba ndogo ya kila mwezi kwa ajili ya ugonjwa, na amtafute daktari aliyesajiliwa wakati hakuna anayeumwa. Asiyemudu gharama hizo kwa wanyama watatu afuge mmoja, amtunze vizuri.